Watu wa Kasongo

Mume wangu Feruzi alilisha moto wa meli tangu kabla hajanioa. Siku ya harusi yetu mikono yake ilikuwa tayari haina vinyweleo, imeungua mpaka kwenye kiwiko, na kifua chake kilinuka moshi hata baada ya kuoga. Meli za mto zilikula kuni wakati ule, na yeye ndiye aliyezipa chakula, kuteremka Basoko, Lisala, mpaka Léopoldville, na kurudi. Wazungu waliita mji wetu Stanleyville. Sisi tulisema Kisangani, na hata leo sitasema vingine.

Mwaka wa hamsini na saba kampuni ya meli ikaleta meli za mazuti, yale mafuta ya mashine. Meli ya mazuti haina haja na mtu wa kuni, inataka mtu mwenye kitambaa mkononi anayeelewa moteri. Wakawakusanya watu wa kuni uwanjani bandarini, wakawaambia asante, wakampa kila mmoja blanketi. Feruzi alilileta lile blanketi nyumbani, akaliweka kitandani. Mimi sikuuliza, maana uso wake ulikuwa umeshasema.

Kukosa kazi katika mji ule hakukuwa umaskini tu, kulikuwa kosa. Kila mwanamume wa cité, ile mitaa ya weusi, alikuwa na buku yake ya kitambulisho, na ndani yake muhuri wa mwajiri. Muhuri ukikosekana, ofisi ilimpa muda mfupi atafute kazi nyingine. Akishindwa, Leta, ndivyo tulivyoiita serikali, ilimpandisha gari moshi au meli yeye na mke na watoto, ikamrudisha kwao. Na kwao ni wapi, hilo lilishaandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa buku. Tuliwaona wengi wakiondoka hivyo mwaka ule, magodoro kichwani, polisi mmoja akitembea nyuma yao huku akila karanga.

Basi siku moja nikiwa sokoni, kipaza sauti cha Leta kikakohoa, kikaanza kusema. Kilisema serikali haitamwacha mfanyakazi ambaye mashine imemnyang'anya kazi. Kilisema ni wajibu wake kumfundisha kazi mpya, na darasa la moteri za mazuti litafunguliwa karibu na bandari, bure kabisa, na atakayelimaliza atarudishwa melini. Niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, beseni la pondu, majani ya muhogo, kichwani, na nikaamini. Sioni haya kusema kwamba niliamini. Nilikwenda nyumbani mbio mpaka pondu zikamwagika njiani.

Feruzi alinyoa ndevu asubuhi iliyofuata, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ya blanketi. Tukaenda Makiso, kwenye ofisi za Leta, pamoja na rafiki yake Édouard, Mlokele wa Isangi, chini kidogo ya mto, ambaye walilisha naye moto mmoja miaka yote. Mimi nilikwenda kwa sababu Feruzi mbele ya dirisha la ofisi huwa mpole kupita kiasi, na upole katika ofisi ile ulikuwa sawa na kutokuwapo.

Karani wa dirishani aliitwa Wenceslas, kijana wa misheni, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alifungua buku ya Édouard, akasoma, akagonga muhuri. Mambo yakaisha. Kisha akafungua ya Feruzi, akasita.

"Papa Feruzi, buku yako inasema kwenu ni Kasongo."

"Ndiyo."

"Bon. Kasongo iko provensi ya Kivu. Hii mafunzo iko ya batu ya provensi yetu. Batu ya Kivu, Kivu njo itabafundisha."

"Lakini mi nilizaliwa hapa. Baba yangu alizaliwa hapa. Kazi nimefanya hapa."

"Alors, juu ya nini ulisema Kasongo?"

Nikataka kujibu mimi, lakini nitamwambia nini mtoto wa misheni?

Wewe usiyekulia mtaa wetu utaona mume wangu alikuwa mjinga, kwa hiyo acha nikueleze. Siku walipoandikisha zile buku, wanaume wa mtaa walipanga foleni mbele ya meza moja, kila mmoja akisikia jibu la mwenzake. Mtaa ule ulikuwa wa waungwana, wajukuu wa watu waliokuja na misafara ya pembe kabla Wazungu hawajashika nchi. Mwungwana akiulizwa kwao, hataji alikozaliwa. Anataja alikotoka babu yake: Kasongo, Nyangwe, Tabora, na mwenye kifua kipana anataja hata Unguja. Anayesema "mimi wa hapahapa" huulizwa kwa kicheko, hapahapa kwa nani? Maana yake, babu yako alikuwa mali ya nani? Hakuna mwanamume aliyetaka kicheko kile kimfuate mpaka kwa mkewe. Mbele ya Feruzi alisimama mtu wa Nyangwe, nyuma yake mtu wa Kasongo. Na yeye akasema Kasongo, tena kwa sauti. Kasongo yenyewe hajaiona hata kwenye picha.

Wenceslas hakuwa mbaya. Aliinama dirishani, akasema kwa sauti ya chini kwamba korti ya cité inaweza kubadilisha. "Uende na mushahidi mwenye kujua mambo ya babu yako. Wazee bakikubali babu yako alitoka mahali ya provensi yetu, mi nitaandika, na nafasi yako iko. Lakini mbio. Darasa inafunguliwa mwezi unaokuja."

Tukarudi nyumbani tukiwa tumenuna. Mtu wa kutupa ushahidi kama huo tungemtoa wapi? Babu yake Feruzi, mzee Sefu, alijulikana mtaa mzima kuwa mtu wa Kasongo. Watoto walisimuliwa jinsi alivyokuja na upanga na msahafu.

Mama mkwe wangu, Mama Nyota, alikuwa barazani akichambua mchele. Mama Nyota ndiye aliyeosha maiti za wanawake mtaani kwetu, na hiyo si kazi ya kila mtu. Huitwa kwa kazi hiyo mwanamke asiye na doa, ambaye hata maadui hawana la kumsema. Nilimweleza yaliyotokea, nikitukana ofisi na wote waliomo ndani yake. Akaendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akasukuma ungo pembeni.

"Feruzi, ukae. Babu yako hakutoka Kasongo."

Feruzi alikuwa bado amesimama. Akabaki hivyo hivyo.

"Wakati alikuwa anakufa, homa ilimupanda," akasema Mama Nyota. "Akaanza kuomba kitu, na ile luga hakuna mutu wa hii nyumba aliyejua. Si Kiswahili, si Lingala. Mi nikakimbia soko, nikaleta mama moja wa Barumbu mwenye kuuza samaki. Yule mama akasikiliza, akaanza kulia. Akasema, anaomba maji, na anaita mama yake. Kesho yake homa ikashuka. Muzee akanishika mukono, akaniambia yote. Batu ya misafara bakamukamata Barumbu, kando ya mto, akiwa mutoto mudogo. Jina ya Sefu ni bwana yake alimupa. Ile bwana njo alikuwa mutu wa Kasongo."

"Mama, unanifanya mutumwa?"

"Mi sikufanyi kitu. Unatafuta kazi, mi nakupa kazi."

Nitasema kweli. Mimi neno mtumwa halikunigusa. Nilichosikia ni Barumbu, na Barumbu iko Basoko, na Basoko iko katika provensi yetu. Moyo wangu uliruka. Nilitaka kumbusu mama mkwe mikono yote miwili.

Feruzi alitoka, akaenda bandarini, akarudi jioni. Tukagombana. Alisema baba yake alizikwa kama mwungwana na yeye hatamfukua. Nikamwuliza kama mwungwana anakula nini. Akasema afadhali apelekwe Kasongo akiwa na jina kuliko kubaki Kisangani watu wakimcheka. Nikamwambia mimi nimeolewa na mtu, sikuolewa na jina, na kama anataka kufa na tai shingoni afe peke yake. Yalikuwa maneno mabaya.

Kilichomwinamisha ni Asha, binti yetu. Miaka yote shule zilikuwa za mapadri, na mlango wa shule za mapadri ulikuwa ubatizo. Mtoto wa Mwislamu alibaki na chuo cha Kurani, kisha akawa fundi cherehani au mchukuzi. Halafu Leta ikafungua shule yake isiyouliza dini, na Asha akawa miongoni mwa watoto wa kwanza wa mtaa wetu kuingia. Alisoma kwa pupa. Tulikuwa tumeshasikia kwamba Léopoldville kuna chuo kikuu sasa, na kwamba weusi wanakaa humo, na Feruzi, ambaye hakujua kusoma buku yake mwenyewe, alizoea kumwuliza mtoto yule wa darasa la nne kama atakubali kumwandikia baba barua kutoka huko. Jioni ile Asha alikuwa akisoma kwa sauti chini ya dirisha. Feruzi alimsikiliza muda mrefu.

"Kasongo kuko shule ya namna hii?" akaniuliza.

"Hakuna. Kule ni ya mapadri tu."

"Bon," akasema. "Twende korti."

Korti ya cité ilikuwa nyumba ya matofali yenye benchi pande tatu. Siku ile benchi zilijaa, maana habari ilitembea kabla yetu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Assumani, mtu wa swala tano, mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye baba yake na baba wa Feruzi walikula sahani moja. Kando yake walikaa wazee wawili, na Wenceslas, aliyetumwa na ofisi, alikuwa mezani akiandika kwa Kifaransa.

Mama Nyota alisimama. Hakujifunika uso. Alisema yote aliyotuambia barazani, neno kwa neno, bila kutia chumvi: homa, lile neno la maji, mama muuza samaki, Barumbu. Alipofika kwenye "bwana yake alimupa jina", nilisikia benchi zikilia, wanaume wote wakijisogeza kwa pamoja. Nilitazama nyuso zao. Nilidhani nitaona dharau. Niliona hofu.

Mzee Assumani akajifuta shingo kwa leso.

"Mama Nyota, sisi tunakuheshimu. Huyu Sefu alikuwa mugonjwa wakati alisema ile maneno?"

"Alikuwa mugonjwa. Lakini siku alinielezea homa ilikuwa imeshuka."

"Mutu wa homa anasema mingi. Na yule mama wa samaki, iko wapi?"

"Alikufa."

"Alikufa," akarudia Mzee Assumani, akiwageukia wenzake kana kwamba jambo limekwisha. Kisha akawaangalia watu wa benchi. "Nani hapa anajua kama muzee Sefu alikuwa mutu wa Kasongo?"

Mkono mmoja ukapanda. Ukafuata mwingine. Wakapandisha wote, hata wale ambao wakati Sefu anazikwa walikuwa bado wananyonya. Hata jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye nilimpa chumvi asubuhi ile.

"Feruzi," akasema Mzee Assumani, na sauti ikawa tamu zaidi. "Mutoto wangu. Unaweza kusimama mbele ya hawa batu yote, useme babu yako aliuzwa kama mbuzi?"

Feruzi akasimama. Nilijua anavyoona. Hawa walikuwa watu alioswali nao, aliotahiriwa nao. Akapiga moyo konde.

"Mama yangu hasemi uongo," akasema. "Babu yangu ni mutu wa Barumbu. Bamukamata akiwa mutoto. Mi ni mujukuu yake."

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye wakati ule, na sitaona haya kulisema.

Wazee wakanong'onezana kidogo. Mzee Assumani akatoa hukumu. Alisema korti imeona hali ya Feruzi na inamhurumia, maana mtu aliyekosa kazi anaweza kumwuza hata babu yake. Alisema Mama Nyota ni mtu mzima, amechoka, na maiti alizoziosha zimemwingia akilini, basi jamaa zake wamtunze. Alisema Sefu alikuwa mwungwana wa Kasongo, na mjukuu wake ni mwungwana wa Kasongo, na asiwepo mtu wa kusema vingine tena. Wenceslas akaandika. Aliandika polepole sana, akiwa ameinamisha kichwa.

Alasiri Mzee Assumani akaja nyumbani. Alileta sukari na majani ya chai, kama mtu anayekuja kupongeza uzazi. Tukampa kiti. Feruzi hakutoka chumbani, kwa hiyo nikakaa naye mimi.

"Mwanahamisi," akaniambia, "umwambie bwana yako asikasirike. Jina yake tumeokoa."

Sikujizuia. Sijui kujizuia na sijawahi kujifunza.

"Papa Assumani, na babu yako wewe, wakati wa kufa aliomba maji kwa luga gani?"

Chai ikamwagika kwenye kanzu yake. Nilidhani atanitukana. Lakini alijibu kwa sauti nyingine, si ile ya kortini.

"Mutoto wangu, fikiri. Mi nikikubali mumoja leo, kesho batakuja mia, maana nani hapa hana Barumbu yake? Na Leta itasema: kumbe nyinyi hamuna kabila, hamuna asili, basi sheria yenu ni ya nini, kadhi yenu ni wa nini, kiwanja yenu ya makaburi ni ya nini? Yote tunayo ni juu ya lile jina. Mi sikufanya kwa ubaya."

"Ulifanya kwa mgongo wa Feruzi," nikasema.

"Ndiyo," akasema. Akaweka kikombe chini, akavaa viatu, akaenda. Sukari yake niliimwaga uwanjani, sinunuliwi na Mzee Assumani kwa sukari, na kuku wakaja wakaishangaa.

Tulijaribu mlango wa mwisho. Tulirudi Makiso, safari hii kwa Mzungu mwenyewe, mkubwa wa mambo ya kazi. Alikuwa na karatasi ya korti mbele yake. Feruzi akaeleza, nami nikaeleza, Wenceslas akageuza maneno yetu kwa Kifaransa. Mzungu alisikiliza vizuri, hata alitikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akasema, na Wenceslas akatuambia huku akiangalia viatu vyake mwenyewe, kwamba Leta inaheshimu mila ya watu weusi. Wazee wenu wamehukumu, yeye ni nani awapinge? Wajibu wa serikali kwa Feruzi upo pale pale, haujafutika, ila uko mikononi mwa Kivu. Kivu watamfundisha.

Mila! Tulipoomba miaka na miaka shule ya watoto wetu isiyo na ubatizo, mila yetu haikuwa kitu. Walisema mila yetu inachelewesha nchi. Siku ilipowafaa wakaivulia kofia. Nilitaka kumwambia hivyo, na Wenceslas akaniona mdomo wangu, akatikisa kichwa kidogo tu kunionya. Nikameza. Maneno yale bado ninayo tumboni.

Darasa likafunguliwa. Édouard alikuja kutuaga akiwa amevaa nguo za kazi za buluu, akaivua kofia na kuishika mkononi. Feruzi akamshika bega, akamwambia asome kwa bidii. Tulikuwa tumeshapewa tarehe ya kuondoka.

Na mtaani? Usidhani hukumu ya wazee ilitulinda. Watu walisikia kwa masikio yao Mama Nyota akisema, na walijua kwamba hasemi uongo. Kwenye buku tukabaki waungwana wa Kasongo, na kwenye midomo ya watu tukawa watumwa wa Barumbu. Mtu aliyekuwa amemposa dada mdogo wa Feruzi akavunja posa. Kisha mwanamke mmoja wa mtaa wa nyuma akafariki. Mama Nyota aliposikia kilio alioga, akavaa nguo safi, akachukua kata na kitambaa chake, akakaa mkekani mlangoni kusubiri kuitwa, kama kawaida. Alisubiri mpaka tukaona jeneza likipita. Walikuwa wamemwita mwingine. Aliingia ndani, akavikunja vitu vyake, na tangu siku ile sikumsikia tena akicheka.

Yeye hakuja nasi. Buku yetu ilimtaja mume, mke na watoto, na yeye alibaki kwa binti yake aliyeolewa. Alitusindikiza mpaka mtoni tu, mahali pa kuvuka kwenda kwenye gari moshi la ng'ambo. Alimshika Feruzi uso, akamwambia, "Nilitaka kukusaidia." Feruzi akasema anajua. Asha alikuwa amebeba madaftari yake ya shule kifuani, amekataa kuyaweka kwenye mzigo.

Safari ilikuwa ndefu. Gari moshi mpaka Ponthierville, kisha meli mpaka Kindu, kisha gari moshi tena, kisha lori. Ile meli ya Kindu ilikuwa bado inakula kuni, na Feruzi alikwenda kusimama karibu na tanuri, akaongea na mtu wa moto mpaka giza likaingia. Nilimsikia akicheka. Nikawaza labda Kivu nao wana darasa lao, labda mambo hayatakuwa mabaya. Bado nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Kasongo hakuna aliyemjua Sefu. Wazee walituuliza Sefu wa nani, wa nyumba ipi, wa msikiti upi, na Feruzi alikuwa hana la kujibu. Kwa adabu walituonyesha mahali pa kujenga, nje ya mji, karibu na shimo la udongo. Asha tulimpeleka shule ya mapadri. Padri alikuwa mtu mpole, akampapasa kichwa, akamsifu kwa Kifaransa chake, akasema nafasi ipo siku yoyote atakapobatizwa. Tukarudi naye nyumbani.

Kisha Feruzi akaenda kwa Mzungu wa teritwari, mkuu wa wilaya ile. Nilikwenda naye. Alikuwa kijana, uso umeungua na jua, na alitupa viti wote wawili, jambo ambalo Makiso hawakulifanya. Alizungumza Kiswahili. Feruzi akamwambia ametumwa na Leta ya Kisangani ili Leta ya Kivu imfundishe moteri ya mazuti.

Yule kijana alimtazama, akageuza karatasi, akamtazama tena. Hakuwa anadhihaki. Alishangaa kweli kweli.

"Mafunzo ya meli? Hapa hatuna. Ile mafunzo iko Stanleyville, bandarini. Juu ya nini hukuomba kule?"

"Niliomba, bwana," akasema Feruzi.

"Na walikataa?"

"Walisema mi ni mutu wa hapa."

Nilimwona akitafuta la kusema, na nikamchukia kwa sababu hakulipata. Mwishowe alisema kwamba mwanamume asiye na kazi katika eneo lake sharti alime pamba, ndiyo amri, na kwamba ataandikiwa shamba. Alisema atampelekea mtu wa kumwonyesha.

Mtu huyo alikuja baada ya mvua ya kwanza. Aliitwa Monitor Benoît, msimamizi wa mashamba ya pamba, alivaa kofia ya jua na alikuwa na haraka, maana alikuwa na mashamba mengine ya kupitia. Alimpa Feruzi jembe na mfuko wa mbegu. Akafunga kamba kati ya vijiti viwili, akamwonyesha jinsi ya kufuata kamba, kutoboa shimo, kuangusha mbegu, kufunika kwa mguu. Feruzi akapanda mstari mmoja mbele yake. Mbegu zilikuwa zinaiponyoka mikono yake mikubwa ya tanuri, akawa anaziokota. Benoît akasema iko muzuri, ameelewa, akatia alama kwenye karatasi yake, akapanda baiskeli akaondoka. Jua lilikuwa bado upande wa mashariki. Hayo ndiyo mafunzo ambayo Leta ilimpa mume wangu, na hakupata mengine mpaka alipokufa.